Mguu ni Amana, Elimu ni Akiba

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika mihadhara ya mwezi wa Ramadhani, baina ya futari na tarawehe. Tumeiacha karibu na ilivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango. Najua matumbo yashajaa kaimati na viazi vya karai, na usingizi uko njiani. Nitajitahidi niseme jambo moja tu, na jambo lenyewe lahusu miguu yenu.

Mwezi huu, ukipita Likoni, Kisauni au Changamwe baada ya sala ya alasiri, viwanja vyote vimejaa. Kuanzia Mtongwe hadi Mlaleo, kuanzia Chaani hadi Mikindani, vijana wamefunga, midomo imekauka, na bado wacheza mpira. Wenyewe wasema wanasukuma saumu. Na wako wenye vipawa, wallahi. Kuna mtoto ukimpa mpira nusu ya uwanja, hakamatiki mpaka auone wavu.

Sasa juu ya mtoto huyu, sisi watu wa mtaani tumegawanyika makundi mawili. Kuna baba ambaye akikuta viatu vya mpira chini ya kitanda, avichukua avitie moto, kwa sababu kwake yeye mpira ni uhuni. Na kuna kijana ambaye akishafunga mabao mawili katika mashindano ya mtaa, basi skuli haimtoshi tena. Aona yeye ni wa Ulaya, tiketi tu ndiyo haijafika.

Nataka niwaambie nyinyi nyote wawili kwamba mwakosea, na mwakosea kosa moja. Nyote mwadhani mguu na kitabu ni maadui. Leo nitawaletea kisa cha kijana Muislamu wa Afrika Mashariki ambaye mguu wake ulimlipia kitabu chake, na siku mguu ulipogoma, kitabu kilibaki.

Chuo ndicho kiwanja

Kabla ya kisa chenyewe, tufahamu kwanza mambo ya Marekani yalivyo, maana ndiko kilikotokea.

Huku kwetu mchezaji alelewa na timu ya mtaa, kisha klabu. Kule Marekani, michezo mingi mikubwa hupitia chuo kikuu. Chuo chaweza kuwa na uwanja mkubwa kuliko uwanja wowote tulionao Kenya. Kijana mwenye kipawa hupewa ufadhili wa masomo, yaani ile mwaiita skolashipu. Chuo chamlipia karo, mara nyingine chumba na chakula pia, naye akichezee chuo. Lakini kuna masharti. Lazima aingie kwa alama za masomo, na akishaingia lazima aendelee kufaulu darasani. Alama zikianguka, haruhusiwi kucheza hata kama ndiye nyota wa timu. Na muda una mpaka wake. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa misimu minne ya mashindano, ndani ya miaka mitano. Ukimaliza umemaliza, zamu ya mwenzako.

Nitawapa mfano mmoja wa haraka. Mpira wenyewe wa Wamarekani sio huu wetu. Wao wana mpira wenye umbo la yai, huchukuliwa mkononi, na kuna mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kupewa mpira na kukimbia nao katikati ya watu wenye miili kama makabati, wote wataka kumwangusha. Kuna Muislamu mmoja, Ameer Abdullah, mzaliwa wa Alabama, kitinda mimba katika watoto 9. Aliicheza nafasi hiyo katika chuo kikuu cha Nebraska kuanzia 2011 hadi 2014. Huyu alikuwa nyota haswa. Kwa misimu minne alikimbia na mpira jumla ya yadi 4,588, na mwaka 2015 akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Detroit Lions.

Hebu tupige hesabu. Yadi 4,588 ni kilomita 4 na kidogo. Tuk-tuk huzimaliza kwa dakika kumi hivi. Lakini yeye alizipata yadi mbili hapa, yadi tatu pale, na kila mara akimaliza yuko chini, watu watatu juu yake. Ndivyo mambo makubwa yalivyo. Ukiyatazama kutoka mbali ni sifa na makofi, ukiyakaribia ni kuanguka na kuinuka.

Huyo ni wa kwao. Sasa tuje kwa wa kwetu.

Mchezaji mpira aliyegeuka mkimbiaji

Abdi Bile alizaliwa mwaka 1962 huko Las Anod, kaskazini mwa Somalia. Na kama nyinyi, alianza na mpira wa miguu. Mbio alikuja kuzigundua baadaye, alipoona kwamba mwili wake una kitu ambacho wenzake hawana, na kwamba kitu hicho chaweza kumfungulia mlango wa chuo.

Nataka mlishike hilo vizuri. Hakuupenda mpira chini ya mnavyoupenda nyinyi. Lakini alijiuliza swali ambalo vijana wengi hawajiulizi: hiki kipawa changu, ni wapi kitanifikisha mbali zaidi?

Akapata ufadhili katika chuo kikuu cha George Mason, huko Virginia, karibu na mji wa Washington. Akawa chini ya kocha mmoja hodari aitwaye John Cook. Mchana darasani, asubuhi na jioni mazoezini. Mwaka 1984 akapelekwa na nchi yake kwenye Olimpiki za Los Angeles, mbio za mita 1500. Akafika nusu fainali. Pale akaondolewa mashindanoni na waamuzi. Umesafiri, umejitayarisha miaka, umekimbia, na mwisho waambiwa jina lako limefutwa.

Kijana wa siku hizi angerudi mtaani akae barzani awahadithie watu jinsi alivyodhulumiwa. Mwaka wa kwanza watu wangemsikiliza. Mwaka wa pili wangeanza kuangalia saa.

Bile alirudi darasani, na akarudi uwanjani. Mwaka 1985 akawa bingwa wa mita 1500 wa vyuo vyote vya Marekani. Mwaka 1987 akaushinda ubingwa huo tena. Na wakati huo wote alikuwa mwanafunzi, mwenye mitihani na kazi za kuandika, katika lugha ambayo si ya mamake.

Roma, Septemba 1987

Mwaka huo huo wa 1987 yakafanyika mashindano ya dunia ya riadha mjini Roma, Italia. Bingwa mtetezi wa mita 1500 alikuwa Mwingereza Steve Cram, na macho ya watu wengi yalikuwa kwake. Msomali, mwanafunzi wa chuo, nani alikuwa na habari naye?

Mbio zikaanza polepole. Mwajua mita 1500 si mbio za nguvu peke yake, ni mbio za akili. Kila mmoja amtazama mwenzake, hakuna ataka kutangulia akawa ngao ya upepo ya wengine. Mita 700 za kwanza zikapita hivyo. Kisha kasi ikaanza kupanda, ikapanda, mpaka mmoja mmoja wakaanza kubanduka. Bile akatoka. Mita 800 za mwisho alizikimbia kwa dakika 1 na sekunde 46 hivi. Kwa wasiojua mbio, hiyo ni kasi ambayo wakimbiaji wengi wazuri wa mita 800 wangejivunia kuimaliza nayo mbio yao wakiwa wapya. Yeye alikuwa ashakimbia mita 700 kabla yake.

Alimaliza kwa dakika 3, sekunde 36 na nukta 80. Wa pili, Mhispania José Luis González, alikuwa nyuma kwa karibu sekunde mbili, na katika mbio hizo sekunde mbili ni umbali mkubwa sana. Steve Cram alikuwa wa 8. Abdi Bile akawa Msomali wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha.

Hapo ndipo hadithi nyingi za magazeti huishia. Mimi naona hapo ndipo mafunzo yanapoanza.

Mwili ulipogoma

Mwaka uliofuata, 1988, kulikuwa na Olimpiki mjini Seoul. Bingwa wa dunia, umri miaka 25, kilele cha nguvu zake. Nani angemzuia? Alizuiwa na mguu wake mwenyewe. Aliumia, hakwenda. Na mwajua nani alishinda dhahabu ya mita 1500 siku hiyo? Mkenya Peter Rono, kijana wa miaka 21, naye pia mwanafunzi wa chuo Marekani, Mount St. Mary's, katika jimbo la Maryland ambalo lapakana na Virginia alikosoma Bile. Riziki ya mmoja haikuharamishwa kwa sababu ya huzuni ya mwengine.

Mwaka 1989 Bile akarudi kwa kishindo. Alikimbia mita 1500 kwa dakika 3, sekunde 30 na nukta 55, na akashinda Kombe la Dunia la riadha mjini Barcelona. Watu wakasema sasa tungoje Olimpiki za 1992, ambazo pia ni Barcelona, mji uleule aliokwisha kushinda. Ikafika 1992. Akaumia tena, akakosa tena.

Tafakarini. Olimpiki huja mara moja kwa miaka 4. Mtu amekosa mbili mfululizo, zote kwa kuumia, na ni katika miaka ambayo alikuwa miongoni mwa walio bora ulimwenguni. Hilo si jambo la uzembe. Mwili ni amana, na mwenye amana huichukua apendapo.

Sisi watu wa Mombasa tulijionea jambo la namna hii. Mnakumbuka Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipoletwa hapa mjini, kwenye uwanja wa gofu? Alikuja Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hashindiki katika mbio hizo kwa miaka. Joto letu hili na unyevu wa bahari ukamtoa. Akiwa mzunguko wa mwisho akasimama, akatoka njiani, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Wengi walishindwa kumaliza siku hiyo. Basi kama mwili wa Bekele waweza kusema hapana, wako wewe utasema nini?

Na kwa Abdi Bile haikuwa mwili peke yake. Januari 1991 serikali ya Somalia ilianguka na nchi ikaingia vitani. Hapa sina haja ya kuwaeleza watu wa Kisauni. Miaka ile ya mwanzo ya tisini mlikuwa na kambi ya wakimbizi pale Utange. Mliwaona wenyewe watu waliokuwa na majumba na maduka, leo wapanga foleni ya maji na ndoo mkononi. Wengine mlisoma nao, wengine mkaoana nao.

Sasa mfikirie mwanariadha ambaye nchi aliyoikimbilia haina serikali, haina uwanja wala kambi ya mazoezi. Angekuwa hana kitu kingine ila mguu, angekwisha. Lakini Bile alikuwa ashamaliza chuo. Alikuwa na shahada ya mambo ya biashara, ile ambayo mguu ulimlipia. Alikuwa na mahali pa kusimama. Na kwa kuwa alikuwa na mahali pa kusimama, aliweza kurudi uwanjani bila pupa. Mwaka 1993, katika mashindano ya dunia mjini Stuttgart, Ujerumani, alipata medali ya shaba, nyuma ya Noureddine Morceli wa Algeria na Fermín Cacho wa Uhispania. Alikuwa na miaka 30, na nchi yake ilikuwa yawaka moto. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki za Atlanta, akafika fainali na kumaliza wa 6. Baadaye alirudi Mogadishu kusaidia kuwalea wanariadha chipukizi.

Kwa hivyo mtu akikuuliza Abdi Bile alishinda nini, usimtajie Roma peke yake. Mwambie alipata miaka 4 ya nguvu, akaibadilisha ikawa elimu ya maisha.

Kipawa kimoja, njia mbili

Na kuna kisa cha pili ambacho lazima nikiseme, ijapokuwa chauma.

Kulikuwa na binti wa Mogadishu, Samia Yusuf Omar. Alizaliwa 1991, mwaka uleule nchi ilipovunjika. Alifanya mazoezi katika uwanja ulioharibiwa na vita. Mwaka 2008 aliiwakilisha Somalia kwenye Olimpiki za Beijing, mita 200. Alimaliza wa mwisho kwa sekunde 32 na nukta 16, mbali sana na wenziwe, na uwanja mzima ukampigia makofi kwa ushujaa wake.

Lakini makofi hayamtafutii mtu kocha. Samia alitaka kufika Olimpiki za London, 2012. Hakuwa na chuo kilichomwita, wala karatasi ya kumpitisha mlangoni. Akaenda Ethiopia, kisha Sudan, kisha Libya. Mwezi wa Aprili 2012, akijaribu kuvuka Bahari ya Mediterania kwenda Ulaya, alizama. Allah amrehemu. Alikuwa na miaka kama 21.

Zile Olimpiki za London zilifanyika Ramadhani ikiwa imeingia. Mwezi huo wa Agosti dunia yote ilimshangilia Mo Farah, mwenye asili ya Somalia, akiichukulia Uingereza dhahabu mbili. Na mwezi huohuo, magazeti ya Italia yakaandika kwamba Abdi Bile alisimama mbele ya wanamichezo wenzake wa Somalia akawauliza kama wajua yaliyompata Samia. Wengi hawakuwa wakijua.

Sisemi kwamba Samia alikosea. Nani kati yetu aliyepitia aliyoyapitia yeye? Nasema sisi tulio hai tuna deni. Hapa Pwani wako vijana wetu ambao wamekata tamaa na wako tayari kupanda chochote kiondokacho. Wako wanaoingia kwenye unga kwa sababu ndoto moja ilivunjika na hawakuwa na ya pili. Ikiwa kipawa ni uleule mguu, tofauti ya aliyefika na asiyefika mara nyingi ni mlango uliofunguliwa mapema, na mtu mzima aliyekuwepo kuufungua.

Na dini je?

Najua mzazi yuko hapo ajiuliza: mwanangu akenda huko, dini yake itakuwaje? Swali ni la haki, wala sitalipuuza.

Nitawajibu kwa watu wawili. Wa kwanza ni Hakeem Olajuwon, Mnigeria, mrefu kama mnazi, aliyechezea mpira wa kikapu chuo kikuu cha Houston na kisha timu ya kulipwa ya Houston Rockets. Mwaka 1995 Ramadhani iliingia mwanzo wa Februari, katikati ya msimu. Olajuwon alicheza akiwa amefunga. Na mwezi huohuo alichaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa ligi nzima. Sikusudii kumwambia kila mchezaji afanye hivyo. Msafiri na mgonjwa wana ruhusa yao katika sheria, na siku hulipwa, na mambo hayo aulizwe sheikh, asiulizwe kocha. Nasema tu kwamba ugenini hakukumlazimisha kuiacha dini yake mlangoni.

Wa pili ni ndugu yetu Mkenya, Henry Rono, wa Nandi. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Washington State, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81. Nne! Mpaka leo watu wastaajabu. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, hakuzipata. Kisha pombe ikamwingia. Mwenyewe alisimulia waziwazi jinsi ilivyomnyang'anya pesa na miaka yake, na jinsi alivyopigana kuinuka tena. Alifariki mwaka 2024, na twamkumbuka kwa heshima, kwa sababu si kila mtu awaambia watu ukweli juu ya nafsi yake.

Mwaona? Hatari haikuwa chuo, wala haikuwa mbio. Anayekwenda na mzigo wa malezi mgongoni huwa na cha kushika. Na malezi hayo hatungoji ndege iruke ndipo tuyatafute. Kijana anayeweza kuacha maji kuanzia alfajiri hadi magharibi, katika joto la Changamwe, na hakuna anayemwona akiwa chumbani peke yake, huyo ashafunzwa nusu ya kazi ya mwanariadha. Kocha gani atakufunza kujizuia zaidi ya mwezi huu?

Tufanye nini?

Nimalizie kwa mambo ya kufanya, msije mkasema sheikh wetu wa michezo alituletea hadithi akenda zake.

Kwanza, wewe kijana. Usitoke skuli. Hakuna chuo, cha Marekani wala cha hapa, kitakachokuuliza ulifunga mabao mangapi uwanja wa mtaani kabla ya kukuuliza ulipata alama gani mitihani ya sekondari. Kingereza na hesabu visomeni kama mnavyofanya mazoezi ya penalti. Wakikutania, wacha wakutanie.

Pili, jipime. Mbio za mtaani hazina saa. Ingia mashindano ya skuli, ya kaunti, ya chama cha riadha, upate muda ulioandikwa rasmi na cheti. Weka karatasi zako mahali pamoja, mbali na mvua na mbali na wadogo zako. Na kama wewe ni mchezaji mpira mwenye mbio kuliko wenzako, fanya kama Bile, jaribu na mchezo wa pili. Huenda riziki yako iko kwenye njia ambayo hujaikanyaga.

Tatu, jihadharini na madalali. Kuna watu hupita mitaani wakiahidi skolashipu na majaribio ya klabu za ng'ambo, lete elfu kumi, lete elfu hamsini. Kweli kuna ada za mitihani na za kujisajili, lakini hizo hulipwa kwa wenyewe na hutoa risiti. Kocha wa chuo haombi pesa za chai ili akupe nafasi. Akikuandikia, aandika kwa anwani ya chuo chake, na chuo chenyewe chaweza kuulizwa. Tena mjue kwamba si kila ufadhili ni wa kila kitu. Nyingi hulipa sehemu tu, kwa hivyo soma barua yote hadi mwisho, na umsomeshe mtu mzima unayemwamini.

Nne, elimu haina lazima iwe Marekani. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kiko hapo Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Huko nako kuna timu na viwanja. Aliyesoma hapa akacheza hapa, naye ameitunza amana yake.

Tano, wazazi. Baba, viatu usivitie moto. Viweke, na uweke sharti: ripoti ya skuli ikija nzuri, viatu vyatoka. Utashangaa jinsi mtoto atakavyosoma. Mama, binti yako akiwa na mbio, mtafutie wakati, mahali pa stara na mwalimu wa kike, usimkatie tu. Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na hilo twalijua sote. Na nyinyi wenye biashara, jozi moja ya viatu na nauli ya kwenda mashindanoni ni sadaka ambayo huenda ikasomesha ukoo mzima.

Mguu umeazimwa. Utachukuliwa na ajali, au na umri, au na siku tu isiyokuwa na sababu. Kabla haujachukuliwa, mwambie ukulipie kitu ambacho hakitachukuliwa nao.

Allah awakubalie saumu zenu, awahifadhi vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na awarudishe salama wote walioko safarini.

Haya, muadhini ashatutazama mara mbili. Simameni tuswali.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.